Homurani 50 Tokyo, 16 New York: jinsi ya kulinganisha takwimu za besiboli za Japani na Marekani

Swali ni lile lile, jina tu ndilo linabadilika. Jana liliulizwa kuhusu Ichiro, leo kuhusu Ohtani, Wajapani waliohamia Marekani, kesho litakuwa la kijana ambaye bado anacheza Osaka: "Huyu Japani alikuwa moto wa kuotea mbali, mbona Marekani namba zimeshuka?" Au linakuja kwa upande wa pili: "Yule kwenye ligi kuu ya Marekani hakufua dafu, Japani amepiga homurani 60. Ligi ya Japani ni ya watoto?" Nimelijibu kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa naliandika mara moja. Fuata hatua kwa mpangilio na utapata jibu lako mwenyewe, tena jibu unaloweza kulitetea mbele ya mbishi yeyote.

Sheria za mchezo sifundishi hapa. Nachukulia unazijua. Kama ulianzia Dar es Salaam kwenye mashindano ya Tanzania Koshien, umelelewa na mtindo wa Kijapani na huenda namba za Marekani ndizo ngeni kwako. Kama ulianzia Uganda, ambako watoto wa Lugazi walifika hadi mashindano ya dunia ya Little League mwaka 2012, huenda mgeni wako ni Japani. Hatua ni hizo hizo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Excel kwenye simu au kompyuta. Karatasi na kikokotoo pia vinatosha kwa mchezaji mmoja.

Sehemu mbili za kuchukua namba. Kwa Japani, npb.jp, tovuti rasmi ya NPB, yaani ligi ya kulipwa yenye timu 12 zilizogawanywa Central na Pacific. Kwa Marekani, Baseball-Reference, ambayo pia huweka miaka ya Japani ya mchezaji kwenye kurasa zake.

Maneno machache ya Kijapani, kwa sababu mara nyingi utakuta jedwali lenye vichwa vya Kijapani tu:

試合 (shiai) – mechi
打席 (daseki) – zamu zote za kupiga, Wamarekani huandika PA
打数 (dasū) – zamu zinazohesabiwa kwenye wastani, AB
安打 (anda) – mapigo yaliyomfikisha mpigaji kwenye besi
本塁打 (honruida) – homurani
四球 (shikyū) – besi ya bure kwa mipira minne mibaya
三振 (sanshin) – straikiauti
防御率 (bōgyoritsu) – ERA, yaani mikimbio ambayo mrushaji anadaiwa kwa kila iningi 9

Angalizo moja hapo hapo. Kuna neno jingine, 死球, nalo husomwa shikyū vile vile, lakini maana yake ni mpigaji kugongwa na mpira. Herufi ya kwanza ya lile la juu ni "nne", ya hili ni "kifo". Ukiyachanganya, mrushaji wako ataonekana ana udhibiti wa ajabu kwa sababu umemhesabia watu aliowagonga badala ya besi za bure alizotoa.

Hatua kwa hatua

1. Andika swali kwa sentensi moja.

"Nani bora?" halina jibu. "Je, nguvu za kupiga homurani za huyu zitahama naye?" lina jibu. "Je, udhibiti wa mpira wa mrushaji huyu utadumu?" pia lina jibu. Swali ndilo litakalokuambia ni safu gani ya namba uchukue.

2. Chukua misimu mitatu kila upande, siyo mmoja.

Kama mchezaji ana mwaka mmoja tu Marekani, chukua huo lakini uandike pembeni "mmoja". Mfano ni mrushaji Yoshinobu Yamamoto. Mwaka 2023 akiwa Orix ya Japani alirusha iningi 164 kwa ERA 1.21. Mwaka 2024 akiwa Dodgers ya Los Angeles aliumia, akarusha iningi 90 tu, ERA 3.00, na watu wakaanza kutoa hukumu. Mwaka 2025 alirudi na ERA 2.49 katika msimu mzima, kisha akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa World Series, fainali ya Marekani. Aliyefunga hesabu 2024 aliona aibu.

Jina nalo liangalie vizuri. Japani jina la ukoo hutangulia, na wengine husajiliwa kwa jina moja tu: Suzuki Ichiro kwenye jezi na kwenye orodha alikuwa "Ichiro". Ukitafuta "Suzuki" peke yake utapata kijiji kizima.

3. Rekebisha iningi kabla ya hesabu yoyote.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na mimi niliteleza msimu mzima bila kujua. Ukiona iningi 173.1, hiyo si mia sabini na tatu nukta moja. Ni iningi 173 na theluthi moja. 173.2 ni theluthi mbili. Excel haijui hilo. Kwa mrushaji mmoja kosa ni dogo, lakini ukijumlisha warushaji watatu wenye .2 kila mmoja, Excel itakupa 0.6 wakati jibu ni iningi 2 kamili. Hesabu ya timu nzima inaharibika kimya kimya.

Kama namba iko kwenye seli A2, andika kwenye seli ya pembeni:

=INT(A2)+(A2-INT(A2))*10/3

173.1 itakuwa 173.333. Kuanzia hapo tumia seli hiyo mpya, ile ya zamani isahau.

4. Geuza jumla ziwe viwango.

Msimu wa Japani una mechi 143, wa Marekani 162. Kulinganisha jumla ya homurani za ligi hizi mbili ni kulinganisha mishahara ya watu wawili bila kuuliza nani anafanya kazi siku ngapi. Warushaji ni zaidi: Japani anayeanza mechi kwa kawaida hurusha mara moja kwa wiki, na Jumatatu nyingi hazina mechi. Marekani zamu hurudi haraka zaidi.

Kwa mpigaji, gawanya kwa zamu. Mfano wa Hideki Matsui:

Mwaka 2002, Yomiuri Giants: zamu zinazohesabiwa 500, mapigo 167, homurani 50, wastani .334.
Mwaka 2003, New York Yankees: zamu 623, mapigo 179, homurani 16, wastani .287.

Japani alipiga homurani moja kila zamu 10. Marekani, moja kila zamu 39. Hilo ndilo anguko halisi, na ni kubwa kuliko 50 kwa 16 inavyoonyesha, kwa sababu New York alipata zamu nyingi zaidi. Mwaka uliofuata alipiga 31 katika zamu 584, moja kila zamu 19. Kwa hiyo namba ya mwaka wa kwanza haikuwa hatima yake.

Sasa tazama mtego. Matsui wa 2002 aliingiza mikimbio 107. Wa 2003 aliingiza 106. Ukiangalia safu hiyo peke yake utaapa kwamba hakuna kilichobadilika. Mikimbio ya kuingiza hutegemea ni akina nani wamesimama kwenye besi wakati wewe unapiga, na Yankees walikuwa na watu wa kusimama huko. Safu hiyo iache kabisa. Ushindi wa mrushaji pia uache: Masahiro Tanaka alimaliza 2013 na rekodi ya 24-0 (ushindi 24, kushindwa sifuri) akiwa Rakuten ya Japani, akaenda Yankees akapata 13-5. Rekodi hizo ni za timu kama zilivyo za kwake.

Kwa mpigaji wa Japani tumia zamu zote (daseki) unapopima besi za bure na straikiauti. Wajapani wanapenda kugusa mpira kwa makusudi ili kumsogeza mwenzao, na zamu hizo haziingii kwenye dasū. Masahiro Kawai alifanya hivyo mara 533 katika maisha yake ya uchezaji. Ukitumia dasū, mamia ya zamu zake zinayeyuka.

Kwa mrushaji, chukua straikiauti, besi za bure au homurani alizopigwa, zidisha kwa 9 kisha gawanya kwa iningi ulizorekebisha.

5. Mlinganishe na ligi yake kwanza, halafu ndipo umvushe bahari.

Hii ndiyo hatua yenyewe. Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii. Namba ya mchezaji haina maana mpaka ujue jirani zake walipata ngapi mwaka ule ule.

Twende na Shota Imanaga, kwa sababu namba zake zimekaa kama zilipangwa kwa somo hili:

Mwaka 2023, Yokohama DeNA: iningi 148, straikiauti 174, besi za bure 24, homurani alizopigwa 17, ERA 2.80.
Mwaka 2024, Chicago Cubs: iningi 173.1, straikiauti 174, besi za bure 28, homurani 27, ERA 2.91.

Straikiauti ni 174 kote kote. Anayesoma jumla atasema hajabadilika. Kwa kila iningi 9, hata hivyo, zimeshuka kutoka 10.6 hadi 9.0. Homurani anazopigwa zimepanda kutoka 1.03 hadi 1.40. Besi za bure zimekuwa 1.46 na 1.45: udhibiti umevuka bahari bila kukwaruzwa.

Sasa ERA. 2.80 na 2.91, kwa macho ameshuka kidogo. Lakini wastani wa MLB, ligi kuu ya Marekani, mwaka 2024 ulikuwa 4.08. Gawanya 2.91 kwa 4.08, unapata 0.71. Yaani alidaiwa mikimbio pungufu kwa asilimia 29 kuliko mrushaji wa kawaida. Upande wa Japani, wastani wa Central mwaka 2023 ulikuwa chini ya 3.50. Mpendelee Imanaga wa Yokohama, mpe hiyo 3.50 yote: 2.80 kwa 3.50 ni 0.80. Hata kwa upendeleo huo, Imanaga wa Chicago aliwaacha jirani zake mbali zaidi. Aliyesema "ameshuka" alikuwa anasoma namba sahihi na kupata jibu la kinyume.

Wastani wa ligi unaupata kwa kujumlisha timu zote: mikimbio yote wanayodaiwa warushaji, mara 9, gawanya kwa iningi zote. Usichukue ERA za timu sita ukazigawa kwa sita. Timu hazirushi iningi sawa.

6. Angalia ni mwaka gani, na mpira gani.

Mwaka 2011 NPB ilianza kutumia mpira mmoja kwa timu zote, mpira usioruka mbali. Homurani za ligi nzima zilianguka kutoka 1,605 mwaka 2010 hadi 939. Mwaka 2012 zikawa 881. Mwaka 2013 zikapanda hadi 1,311, na baadaye ikajulikana kwamba mpira ulibadilishwa bila kutangazwa. Kamishna Ryozo Kato aliondoka madarakani kwa sakata hilo.

Kwa hiyo ukiona mrushaji Yu Darvish ana ERA 1.44 mwaka 2011 akiwa Japani halafu 3.90 akiwa Texas mwaka 2012, kumbuka mpira. Lakini usiutupie mpira lawama zote: mwaka 2010, kabla ya mpira huo, alikuwa na 1.78. Kilichobadilika zaidi Texas ni besi za bure, kutoka 36 katika iningi 232 hadi 89 katika iningi 191. Straikiauti zake kwa iningi 9 zilibaki zaidi ya 10 pande zote mbili. Mpira wa Marekani unateleza zaidi mkononi kuliko wa Japani, na si kila mrushaji huuzoea kwa kasi moja.

7. Kagua uwanja na nani anapiga nafasi ya mrushaji.

Haraka tu. Jingu, nyumbani kwa Yakult, ni uwanja mdogo, homurani hutoka kirahisi. Uwanja wa Nagoya kwa miaka mingi ulikuwa mgumu kwa wapigaji. Denver iko juu ya mita 1,600 na mpira huruka kama umeachiwa. Ligi ya Pacific imetumia mpigaji maalumu badala ya mrushaji tangu 1975. Central katika misimu yote niliyoitaja hapa ilikuwa inampeleka mrushaji mwenyewe kupiga, wakati Marekani timu zote zimeachana na hilo tangu 2022. Mrushaji wa Central wa misimu hiyo alipata zamu za bure dhidi ya mwenzake asiyejua kupiga. Mpunguzie sifa kidogo.

8. Tafuta waliovuka kabla yake, wa pande zote mbili.

Watu wengi wa takwimu huiweka NPB kati ya Triple-A, ngazi ya juu ya ligi ndogo za Marekani, na MLB yenyewe. Mimi nakubaliana nao. Lakini usichukue asilimia moja ya kupunguza ukaitandika kwa kila mtu. Tengeneza orodha ya wachezaji watano au sita wa aina ya wako, ufanye hatua ya 4 kwa kila mmoja.

Seiya Suzuki, kwa mfano: homurani 38 katika zamu 435 mwaka 2021 akiwa Hiroshima, kisha 14 katika zamu 397 mwaka 2022 akiwa Cubs. Moja kila zamu 11 ikawa moja kila zamu 28. Ukimweka kando ya Matsui unaanza kuona mwelekeo: mwaka wa kwanza nguvu hupungua sana, halafu sehemu yake hurudi.

Kwa upande wa pili yupo Wladimir Balentien, mwenye wastani wa .221 na homurani 15 katika maisha yake yote ya MLB, aliyepiga 60 akiwa Yakult mwaka 2013. Kabla ya kuicheka ligi ya Japani, rudi hatua ya 6 na ya 7: mwaka gani, mpira gani, uwanja gani. Kisha mkumbuke Cecil Fielder: homurani 38 akiwa Hanshin mwaka 1989, akarudi Marekani na kupiga 51 akiwa Detroit mwaka 1990. Wanaokwenda Marekani kutoka Japani huwa ni wale bora kabisa. Wanaokuja Japani kutoka Marekani mara nyingi ni waliokosa nafasi kwao. Orodha zote mbili zimechujwa, kila moja kwa chujio lake.

9. Toa jibu kama masafa.

Usiseme "atapiga 24." Sema "kati ya 15 na 28, na mwaka wa kwanza utakuwa upande wa chini." Ukitaja namba moja umejitafutia ugomvi bila sababu.

Mambo yakikataa

Wastani umeandikwa 3割3分4厘. Hiyo ni .334. Wari ni sehemu ya kumi, bu ya mia, rin ya elfu. Mpigaji wa "sanwari" ni mpigaji wa .300.

Mchezaji hayumo kwenye orodha ya vinara. Huenda hakufikisha zamu. Kigezo ni 3.1 kwa kila mechi ya timu, yaani zamu 443 Japani na 502 Marekani. Kwa warushaji ni iningi 143 na 162. Mtafute kwenye ukurasa wa timu yake.

Kasi za mpira haziingiliani. Japani hupima kwa kilomita, Marekani kwa maili. Zidisha maili kwa 1.609. Kilomita 165 alizorusha Ohtani mwaka 2016 ni kama maili 102 na nusu.

Jumla ya ushindi na kushindwa haifiki 143. Kuna sare. Japani mechi husimama baada ya iningi 12.

Straikiauti zimepanda na ERA imepanda pia. Si kosa la Excel. Yamamoto alitoka 9.3 kwa iningi 9 mwaka 2023 hadi 10.5 mwaka 2024. Wapigaji wa Marekani hutolewa kwa straiki mara nyingi kuliko wa Japani, na wakiupata mpira wanaupeleka mbali zaidi. Straikiauti nazo zipitishe hatua ya 5.

Mechi unazotazama hazilingani na tarehe za jedwali. Mechi ya saa kumi na mbili jioni Japani kwetu ni saa sita mchana, siku ile ile. Ya usiku Los Angeles unaiona alfajiri, kwetu ikiwa tayari ni kesho yake. Jedwali hufuata tarehe ya uwanjani.

Ichiro ana mapigo 3,089 au 4,367? Zote mbili ni sahihi: 3,089 ni za MLB, na ukiongeza 1,278 za Japani unapata 4,367, zaidi ya 4,256 za Pete Rose. Taja ligi, ubishi unakwisha. Ukitaka kujua kama alishuka, chukua misimu yake miwili mikubwa. Mwaka 1994, Orix, mapigo 210 katika mechi 130. Mwaka 2004, Seattle, mapigo 262 katika mechi 161. Kwa mechi, 1.62 na 1.63: amepanda. Kwa zamu, .385 na .372: ameshuka. Rudi kwenye sentensi uliyoandika hatua ya 1 uone ulikuwa unauliza lipi.